Watu Watatu kwenye Jina Moja

"Hivi wewe, Mama Shuka, unasoma ili uwe nani?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake, mshona nguo wa mlango wa pili, asubuhi moja wakianika nguo kwenye kamba yao ya ushirika. Jirani hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na vibanio vitatu mdomoni, na mwenye vibanio mdomoni hana nafasi ya kuchagua maneno. Alichokiona ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mama wa watu, ameegesha simu juu ya ndoo iliyofunikwa, mkono wa kulia unaanika, wa kushoto unagusagusa kioo, na midomo inahesabu kimyakimya kama mtu anayesali.

Mama Shuka alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka tangu juzi.

"Niombee tu, shoga," alisema, akabeba ndoo yake akaingia ndani kwa mwendo wake wa kuegemea upande.

Mwendo huo ndio uliokuwa jibu, ila jirani hakuusoma. Kwa miaka kumi na tisa Mama Shuka alikuwa mfuaji wa hospitali. Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma kabisa ya jengo, chini ya ngazi, kuta zake zinatoka jasho mwaka mzima. Mashuka ya wodi zote yalimwagwa pale alfajiri, na jioni yalitakiwa yarudi meupe, makavu, yamenyooshwa. Shuka kavu ni kitu cha kutupia begani tu. Lakini mashuka thelathini yaliyolowa, ukiyatoa kwenye birika la kufulia na kuyapandisha kwenye toroli, ni sawa na kumbeba mtu mzima asiyetaka kwenda. Mama Shuka alimbeba mtu huyo mara ishirini kwa siku. Ndipo mgongo ukaanza kumgomea. Mwanzo ulimgomea asubuhi tu. Baadaye ukawa unagoma hata akikaa kitini, hata akipiga magoti kusali. Akishapiga magoti, mumewe alikuja kumshika mkono ainuke.

Daktari wa hospitali ileile alimpima, akamwambia bila kuzunguka, "Mama, mgongo huu usibebeshwe tena. Utafute kazi ya kusimama."

"Nami kazi ninayoijua ni ya kubeba, daktari."

"Basi mwombe Mungu."

Akamwomba. Na haikupita miezi miwili, hospitali ikaleta mashine kubwa ya kufulia, pana kama mlango wa ghala, na tangazo likabandikwa ukutani: anatakiwa mtu mmoja wa kuisimamia. Msimamizi hatabeba kitu. Atapima uzito wa nguo, atapima maji na dawa ya kuulia vijidudu, atabonyeza, atasubiri. Kubeba watabeba wengine. Mama Shuka alilisoma tangazo lile mara nne, akiwa amejishikilia kiuno, na kila alipofika kwenye maneno "hatabeba kitu" machozi yalimlengalenga.

Lakini msimamizi lazima ajue hesabu za vipimo. Na Mama Shuka alimaliza shule ya msingi, cheti chake alikihifadhi ndani ya kitabu chake cha sala, kimekunjwa vizuri, lakini zile hesabu alizozisoma hazikumfuata nyumbani. Zilibaki kulekule darasani.

Hospitali haikutaka kumwonea mtu. Ilimleta binti mmoja mwembamba wa kufundisha, ambaye wafuaji walimbatiza siku ileile jina la Mwalimu Miwani. Akawakusanya kwenye chumba cha pasi, akawaonyesha jinsi ya kufungua mazoezi ya mtandaoni kwenye simu, kila mtu kwa jina lake na neno lake la siri.

"Haya si kama mtihani," aliwaambia. "Mtihani unawapa wote swali moja. Haya yanakuangalia wewe. Ukipata, yanakupandisha kidogo. Ukikosa, yanakushusha, yanakuonyesha ulipopotea, halafu yanakupa swali jingine la aina ileile. Dakika ishirini kila siku, basi. Msijibane Jumapili saa tatu nzima halafu wiki yote mkalala. Yako ngazi sita. Wa kwanza kufika ya sita tutamjaribu kwenye mashine."

"Na mtu akikosa sana?" aliuliza mpiga pasi, mwanamume mmoja ambaye mdomo wake ulikuwa na moto kuliko pasi yake.

"Atashushwa mpaka afike anapopaweza."

"Haya. Mimi nitashushwa mpaka nikutane na bibi yangu mzaa mama."

Wakacheka wote, na Mama Shuka naye, ingawa kicheko kilimchoma mgongoni.

Wiki ya kwanza alifanya mwenyewe, na ilikuwa wiki njema. Swali la kwanza kabisa lilikuwa la kuzidisha, akakosa. La pili akakosa. Programu ikamshusha hadi kwenye kujumlisha, bila kumcheka wala kumwita mzito, na huko akapata, akapata, akapata. Ikampandisha tena. Ilipofika nusu na robo alikwama siku mbili. Siku ya tatu, akiwa kazini anakunja mashuka, mikono ilimfundisha yenyewe. Shuka ukilikunja mara moja, hiyo ni nusu. Ukilikunja tena, robo. Mara ya tatu, thumuni. Miaka kumi na tisa alikuwa anakunja robo na thumuni bila kuzijua majina! Jioni ile, swali lilipouliza robo ya ishirini ni ngapi, alifumba macho, akakunja ishirini kama shuka, akabonyeza tano. Kioo kikawa kijani.

"Mungu ni mwema," alisema kwa sauti.

"Kumetokea nini?" mumewe akauliza kutoka uani.

"Tano!"

Mumewe, seremala mpole ambaye vumbi la mbao halikuwahi kumtoka nyusi, hakuelewa, lakini akasema amina.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kazi haikuwa na mwenyewe. Anayekuta chungu kinachemka, anakoroga. Anayekuta shati kifungo kimelegea, anakikaza. Anayekuta ufagio katikati ya uwanja, anamalizia kufagia, haulizi nani aliuacha. Desturi hiyo aliianzisha Mama Shuka mwenyewe alipoolewa, kwa sababu wote walirudi wamechoka na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumaliza alichoanza. Binti yao alilelewa nayo. Huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mkali wa hesabu, na kwa tabia yake ya kusahihisha watu hata wakiwa wanasalimiana, walimwita Profesa.

Wiki ya pili ilikuwa ya mashuka mengi. Mama Shuka alirudi siku hiyo mikono imevimba, akaketi, akafungua mazoezi, akajibu maswali mawili, na usingizi ukambeba palepale kwenye kiti kabla hata taa haijawashwa. Simu ilikuwa kiganjani, swali la tatu linasubiri.

Profesa akapita. Akakuta chungu kinachemka. Akakoroga.

"Mama, nimekumalizia yale maswali," alimwambia asubuhi.

"Mungu akubariki, mwanangu."

Jioni iliyofuata seremala naye alichungulia juu ya bega la mkewe. "Sentimita? Hilo ni langu hilo, mama watoto, wewe jinyooshe." Akachukua simu kwa vidole vyake vinene. Maswali ya urefu na ujazo yalikuwa maji kwake. Ya kuzidisha aliyakosa ovyo, kwa haraka, akisingizia kioo kidogo.

"Baba, saba mara nane si hamsini na nne!"

"Kwenye mbao huwa inatosha."

Walicheka sana jioni zile. Mama Shuka alijilaza kwenye mkeka, mto chini ya magoti, akiwasikiliza wakigombea simu, na moyo wake ulishukuru. Wengi wanazeeka bila mtu wa kuwashika mkono. Yeye watu wake walimshika mpaka akili.

Lakini alipofungua mazoezi mwenyewe, siku moja wakati wa mapumziko, alikuta swali hili: dawa na maji vichanganywe kwa uwiano wa tatu kwa tano, mchanganyiko wote ni lita kumi na sita, dawa ni lita ngapi? Akalisoma mara ya kwanza. Akalisoma mara ya pili, polepole, akifuata kwa kidole. Neno "uwiano" lilimtazama, naye akalitazama. Akabahatisha, akakosa. Programu ikamshusha kidogo, ikamletea jingine, nalo lilikuwa juu ya kichwa chake vilevile. Akakosa matano mfululizo, kisha akaifunga simu akaiweka ndani ya aproni.

Hakufikiri kwamba kuna kosa mahali. Alifikiri kichwa chake ndicho kilichochakaa. "Labda Mungu mimi alinigawia mikono tu," alijisemea, "kichwa akampa mwingine." Nusu na robo zilizomfurahisha hazikurudi tena. Jioni, Profesa alikuta mama ameshuka, akampandisha mara mbili zaidi. Ikawa hivyo: mchana mama anashuka, jioni nyumba inampandisha. Na kadiri alivyopanda, ndivyo alivyozidi kutoelewa, na kadiri alivyozidi kutoelewa, ndivyo alivyowaachia simu.

Mwisho wa wiki ya tano orodha ikabandikwa. Jina la Mama Shuka lilikuwa juu kabisa, ngazi ya sita. Mpiga pasi, aliyefika ya tano kwa jasho lake, alivua kofia.

"Kumbe siku zote tunafua na injinia! Mama, ukishaketi kwenye mashine yako usitusahau sisi wa pasi."

"Nitawasahau vipi, nanyi mna kelele," alijibu. Lakini orodha ile hakuitazama mara ya pili.

Alhamisi akasimamishwa mbele ya mashine. Hakuna aliyemsimamia karibu, walimwamini. Ndani ya pipa la mashine mashuka yalikuwa yameshapangwa, na maji yalikuwa lita sitini, yameandikwa kwa namba nyekundu. Ukutani karatasi ilisema: dawa moja kwa maji arobaini. Mezani kulikuwa na dumu la dawa na jagi la plastiki la lita tano, lenye mistari.

Moja kwa arobaini. Mama Shuka aliitazama karatasi kama alivyolitazama lile swali. Moja ya nini? Alijaribu kuikunja arobaini kama shuka, haikukunjika. Akafikiri, jagi ni moja. Basi sehemu moja ni jagi moja. Akajaza jagi mpaka juu. Harufu ilimpanda puani, machozi yakamtoka.

"Mama, leo unafua au unakatakata vitunguu?" mpiga pasi alitania akipita na toroli.

Mama Shuka alikuwa ameona pindo la shuka lililokuwa juu ya mengine. Lilikuwa na uzi wa buluu. Uzi huo aliushona yeye, miaka iliyopita, ili mashuka ya wodi ya watoto yasichanganyike na mengine. Akakumbuka mwaka ule mfuaji mmoja alipomwaga dawa kwa kukisia, na watoto wachanga wakatoka migongo myekundu kama waliomwagiwa chai. Mama zao walikuja wakasimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, mashuka mikononi. Hawakutukana. Walisimama tu.

Mama Shuka akaliweka jagi mezani polepole, akafunika dumu, akanawa. Kisha akapanda ngazi kumi na mbili kwenda kwa Mwalimu Miwani, akipumzika kila baada ya tatu.

"Mwalimu, mimi sijui kupima."

"Mama, wewe ni ngazi ya sita."

"Nimesema sijui. Nimejaza jagi."

Mwalimu Miwani alimvutia kiti, akafungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Alizitazama kwa muda mrefu, akiguna.

"Hapa siku za mwanzo ulitumia dakika mbili kwa swali moja. Unakosa, unarudia, unapata. Halafu wiki ya pili, ghafla, sekunde tano tano, na yote sawa. Halafu siku nyingine vipimo vyote umepata, lakini kuzidisha umeharibu vibaya."

"Kuzidisha huko ni kwa baba watoto."

"Na hizi sekunde tano?"

"Profesa. Binti yangu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa chafu. Wala hakucheka.

"Kwa hiyo kwenye jina hili mmo watatu."

"Tumo watatu."

"Na wewe uko wapi, mama?"

"Mimi niko kule mwanzoni, kwenye nusu na robo. Pale ndipo waliponipita."

"Programu haina macho," alisema Mwalimu taratibu. "Haimwoni aliyeshika simu, inamfundisha yule anayejibu. Wiki zote hizi imekuwa ikimfundisha mume wako na binti yako. Wewe ikikuona, inakuona kama mtu aliyejua jana na leo amesahau."

Mama Shuka hakuwa amezeeka kichwa, basi. Aliachwa njiani tu, na watu waliompenda. Jambo hilo lilimfariji na kumchosha kwa pamoja.

"Sikiliza," Mwalimu akaendelea, akipunguza sauti, kwa maana alimhurumia. "Nikikurudisha chini, nafasi inakwenda kwa anayefuata. Jina linapelekwa ofisini leo saa nane. Na mgongo wako naujua. Naweza kukukaririsha kipimo hiki kimoja. Maji sitini, dawa lita moja na nusu. Uwe unamwaga hivyohivyo kila siku."

Lita moja na nusu. Naye alijaza tano.

"Na siku wakileta dawa nyingine?"

Mwalimu aliirudisha miwani machoni. "Hapo utakwama."

"Nitakwama na nani? Na wale watoto." Alijiinua kwa kushika meza. Aliufikiria mgongo wake, alifikiria yale mabirika, aliomba kimoyomoyo apewe nguvu, na nguvu hazikuja, ila akajikuta anasema hata hivyo. "Mpe mpiga pasi. Ana mdomo, lakini ngazi zake kazipanda mwenyewe. Mashine nyingine itakuja lini?"

"Wanasema baada ya miezi sita. Wanasema tu, mama."

"Haya. Nirudishe chini."

Mchana ule alirudi kwenye birika, akambeba yule mtu asiyetaka kwenda mara tisa zaidi.

Nyumbani, jua likiwa bado juu ya ukuta wa uani, aliwaeleza yote. Seremala aliweka randa chini.

"Nafasi iko mkononi, ukaenda kusema? Mwenyewe? Na mgongo ule?"

"Nilienda."

"Mama watoto, hata hukutuuliza!"

"Ningewauliza, mngenimalizia na hilo."

Profesa alikuwa ameanza kulia, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema.

"Tulikuwa tunakusaidia, Mama."

"Najua, mwanangu. Sijawahi kusaidiwa hivyo tangu nizaliwe. Usilie, futa macho, nisogezee ule mto."

Akaketi, mto nyuma ya kiuno, akafungua mazoezi. Jina lake lilikuwa limesafishwa, ngazi ya kwanza, kama siku ile ya chumba cha pasi. Kwenye kamba, jirani mshona nguo alikuwa anaanua, vibanio mdomoni, akijifanya hasikii.

Swali likaja: saba mara sita.

Mama Shuka alitazama juu. Akahesabu kwa vidole vya mkono uliovimba, akapoteza, akaanza upya. Dakika moja ikapita. Seremala akakohoa kikohozi cha mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Profesa alisogea, akasogea tena, mpaka pumzi yake ikafika shingoni mwa mama, na mkono wake ukaanza kunyooka kuelekea kioo, wenyewe tu, kwa mazoea ya nyumba ile.

Mama Shuka aliisogeza simu kifuani pake. Akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa macho yaliyochoka.

"Naomba mniache nikosee mwenyewe."